Kungoja tathmini ya afya ya PIP: tufanye nini miezi hii ambayo mwito hauji?

Mama Zuwena (Coventry) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Naandika kuomba ushauri wa wale waliokwisha kuipita njia hii hapa Uingereza, kwa sababu sisi tumefika mahali hatujui kama tunangoja kwa utaratibu au tumesahauliwa.

Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana akiwa kazini ghalani. Alinusurika, alhamdulillahi, lakini upande wake wa kushoto umedhoofika, hasa mkono, na akichoka maneno humtoka kwa taabu. Alikaa nyumbani miezi kadhaa tukitumaini kwamba hali itatengemaa, kisha mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi akatushauri tuombe malipo ya PIP (Personal Independence Payment), yale ambayo serikali humpa mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Tulipiga simu, tukaletewa fomu ile ndefu, tukaijaza na kuirudisha kabla ya mwezi kwisha pamoja na nakala za barua za hospitali. Kilichofuata ni ujumbe mmoja wa simu uliosema kwamba faili limepelekwa kwa kampuni inayofanya tathmini na kwamba tutajulishwa siku ya miadi. Ujumbe huo uliingia kabla ya Ramadhani. Iddi zote mbili zimepita na hakuna aliyetuita.

Mimi nimepunguza saa za kazi ili niwepo nyumbani asubuhi, kwa kuwa hawezi kuoga wala kuvaa peke yake bila hatari ya kuanguka, na akiba tuliyoiweka kwa ajili ya masomo ya mwanetu sasa inalipa kodi ya nyumba na umeme. Ningependa kuwapigia simu niulize tumefikia wapi, lakini jirani yangu ananikanya, akidai kwamba anayewasumbua faili lake hushushwa chini kabisa ya rundo. Je, ni kweli?

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba ameanza kupata nafuu kidogo. Siku za Ijumaa hujikongoja hadi msikitini akiwa na fimbo yake na kijana wetu pembeni. Wakimwona sasa, si watamhukumu kwa nafuu hiyo, ilhali miezi yote aliyokuwa hajiwezi hakuna aliyekuja kumtazama? Na yeye mwenyewe ukimuuliza hali atakujibu kwamba ni mzima kabisa, hata kama asubuhi ile ile nimemwinua kutoka sakafuni bafuni.

Isitoshe, mama mkwe yuko Tanga na anataka mwanawe apelekwe nyumbani kwa muda, akakandwe na kupumzika miongoni mwa ndugu. Naogopa tusije tukaondoka, mwito ukaingia nyuma yetu. Naomba mnisaidie.

Mzee Makaratasi (Leeds):

Pole sana, Mama Zuwena, na umfikishie mgonjwa pole zetu. Mimi hujitolea katika ofisi ya ushauri hapa mjini, na maswali kama yako ndiyo yanayojaza siku zetu.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazowanyima watu usingizi. Siku mliyopiga simu ya kwanza ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya maombi, si siku fomu ilipofika, wala siku tathmini itakapofanywa. Akikubaliwa, malipo yatahesabiwa kuanzia hapo na malimbikizo atalipwa kwa pamoja. Ili ujue tunazungumzia kiasi gani: katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, sehemu ya maisha ya kila siku ilikuwa £73.90 kwa wiki kwa kiwango cha kawaida na £110.40 kwa kiwango cha juu, na sehemu ya kutembea ilikuwa £29.20 au £77.05. Kipo kigingi kimoja, nacho ni kwamba sheria inataka taabu iwe imekuwapo kwa miezi 3 na itarajiwe kuendelea kwa miezi 9 mbele. Nyinyi mliomba baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo hakitawagusa, ila aliyeomba wiki chache baada ya kuugua asishangae malipo yake yakianza baadaye kidogo. Basi kuchelewa huku kunawaumiza leo, tena sana, lakini hakufuti haki ya siku zilizopita. Na kwa kuwa PIP haiangalii mshahara wala akiba, usiache kazi kwa kudhani kwamba kipato chako kitamharibia mwenzio.

Kuhusu simu, jirani yako asikutishe. Faili halishushwi kwa sababu mwenyewe ameuliza. Kinachowapotezea watu muda ni kubisha mlango usio wake. Wizara ya Kazi na Pensheni, yaani DWP, ndiyo inayopokea maombi na kutoa uamuzi, lakini tathmini hufanywa na kampuni ya kibinafsi yenye mkataba na wizara kwa eneo lako, na kampuni hiyo ndiyo yenye orodha ya miadi. Ukiipigia wizara kuuliza miadi, utajibiwa kwamba faili limekwishapelekwa, jambo ambalo unalijua tayari. Ipigie kampuni. Uliza kama wamepokea fomu pamoja na viambatisho vyote, na uwatake wakusomee majina ya viambatisho hivyo, kwa sababu mara nyingi fomu huingia kwenye mfumo na barua za hospitali zikabaki nje. Uliza kama kuna mtaalamu wa afya aliyekwisha kulipitia faili. Uliza pia kama wanakusudia kufanya tathmini kwa simu, kwa video au ana kwa ana, na uwaambie kwamba mko tayari kuchukua nafasi ya mtu mwingine aliyeahirisha. Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Kisha waache kwa wiki mbili tatu. Kupiga kila siku hakubadilishi foleni, kunakuchosha wewe tu.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila mwombaji huitwa. Mtaalamu wa kampuni hulisoma faili kwanza, na akiona kwamba ushahidi uliomo unatosha, anaweza kuandika ripoti kwa kutumia karatasi peke yake, bila kumwona wala kumpigia simu mgonjwa. Kwa hiyo muda huu wa kungoja ni muda wa kuliongezea faili nguvu, na hakuna sheria inayokuzuia kutuma barua mpya baada ya kurudisha fomu. Tuma nakala, ubaki na barua zenyewe, na kila ukurasa uwe na jina lake kamili na namba yake ya bima ya taifa.

Barua gani, ndilo swali. Ile inayosema tu kwamba alipata kiharusi tarehe fulani haimpi mtu pointi hata moja, kwa kuwa PIP haitolewi kwa jina la ugonjwa. Wanaangalia shughuli 10 za maisha ya kila siku, kama vile kupika, kula, kuoga, kuvaa, kwenda msalani na kuzungumza, na shughuli 2 za kutembea na kusafiri. Pointi 8 katika sehemu moja humpatia mtu kiwango cha kawaida, na pointi 12 kiwango cha juu. Barua ya mtaalamu wa viungo inayosema kwamba mgonjwa hawezi kuingia bafuni bila mtu kumshika ina uzito kuliko kurasa kumi za vipimo vya kichwa. Huyo aliyewashauri kuomba ndiye wa kumwendea kwanza, kabla hajahamishiwa kwingine.

Ngosha wa Lewisham:

Mama Zuwena, shikamoo. Mimi ni mgonjwa wa sikoseli na nimeingojea tathmini hii kama mwombaji, kwa hiyo nitazungumzia yale ambayo ofisini hayaonekani sana.

Kwanza hiyo hofu yako ya nafuu. Swali la sheria si kama mtu anaweza kufanya jambo. Wanatakiwa kuuliza kama anaweza kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kulirudia kila inapohitajika, na kulimaliza kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaoutumia mtu asiye na tatizo. Likikosekana moja kati ya hayo, basi jambo hilo linahesabiwa kwamba haliwezi. Tena hawatazamii siku moja. Taabu ikimpata mtu katika zaidi ya nusu ya siku zote za kipindi kinachotathminiwa, inahesabiwa. Sisi wa sikoseli tunaponea hapo, kwa sababu siku ya tathmini unaweza kuwa umeamka vizuri kabisa wakati juzi yake ulikuwa umelazwa.

Chukua huo mwendo wa msikitini. Mtu akisema tu kwamba Ijumaa anakwenda kusali kwa miguu, anayeandika ataandika kwamba anatembea. Kumbe kuna mengi ndani yake. Ni mita ngapi kutoka mlangoni kwenu? Katika shughuli ya kutembea mipaka inayotumika ni pamoja na mita 20 na mita 50, kwa hiyo umbali una maana yake. Anasimama mara ngapi kushika ukuta? Kijana anatembea naye kwa sababu ya heshima au kwa sababu bila yeye baba ataanguka? Na akirudi, anaendelea na siku yake au analala hadi Magharibi? Mwendo ambao hawezi kuurudia siku hiyo hiyo haupaswi kuhesabiwa kama anauweza.

Ndiyo maana nakusihi uandike kumbukumbu sasa, wakati unangoja, maana baada ya miezi utasahau. Hapa natofautiana kidogo na wanaosema uandike kila siku bila kuacha, kwani faili likija na daftari zima hakuna atakayelisoma. Andika wiki moja ya kawaida, ukurasa mmoja au miwili, kisha uongeze yale tu yaliyobadilika. Usiandike kwamba hawezi kupika. Andika kwamba Jumanne alitaka kusonga ugali, mkono wa kushoto ukashindwa kuishika sufuria, sufuria ikawa inazunguka pamoja na mwiko, maji ya moto yakamwagika juu ya jiko, na wewe ukaja ukamalizia. Andika kwamba vifungo vya kanzu vilimchukua karibu nusu saa na bado kimoja kiliingia tundu lisilo lake. Anayesoma mambo ya namna hiyo hahitaji kushawishiwa.

La pili ni la roho. Kungoja huku kunaila nyumba. Simu ikiita kila mtu anashtuka, bahasha ikianguka mlangoni mazungumzo yanakatika, na mwishowe ugonjwa wenyewe unasahaulika na PIP ndiyo inakuwa ugonjwa. Kilichonisaidia ni kuitengea kazi hiyo siku moja ya wiki. Siku hiyo napiga simu, napanga barua, naandika kumbukumbu, na nikimaliza nafunga faili. Siku nyingine nilikataa kulizungumza, hata wifi yako aliponiuliza. Ila simu za namba iliyofichwa pokeeni, kwa sababu makampuni haya mara nyingine hupiga bila namba kuonekana, na ukikosa miadi bila sababu ya msingi maombi yanaweza kukataliwa.

Mama Furaha (Glasgow):

Mimi nitasema kwa ufupi ili wanaosoma kutoka huku kwetu Scotland wasichanganyikiwe. Tangu 2022 huku hatuombi PIP. Tunaomba Adult Disability Payment, ambayo inasimamiwa na Social Security Scotland, na hakuna kampuni ya kibinafsi inayomtathmini mtu. Wakihitaji maelezo zaidi, mtaalamu wao wenyewe huzungumza nawe. Viwango vya pointi vinafanana sana na vya PIP, kwa hiyo ushauri wa kumbukumbu unafaa kote. Ushauri wa kuipigia kampuni hauwahusu walio huku.

Neno jingine ni la mkalimani. Mimi ni mtu wa Bukavu, na kwa mambo ya ugonjwa Kiingereza hunitoroka. Mkalimani huombwa bila malipo, lakini omba mapema wakati huu wa kungoja, maana akikosekana siku yenyewe miadi huahirishwa na foleni inaanza tena. Ukishaunganishwa naye, zungumzeni kwanza maneno machache ya kawaida mpime kama mnaelewana, kwa sababu Kiswahili cha Kivu na cha pwani vinapishana. Tena usimfanye mtoto wako awe mkalimani. Yako mambo ya bafuni ambayo baba hatayasema mbele ya mwanawe.

Kombo (Bolton):

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini naona tunakuwa wapole kupita kiasi. Watu wetu hungoja wakishukuru, kana kwamba wanaomba sadaka, wakati hili ni dai la kisheria.

Juni 2015 Mahakama Kuu ya hapa iliamua katika kesi ya watu wawili waliokuwa wamengojeshwa zaidi ya miezi 9 baada ya kuomba PIP, na jaji akasema kwamba ucheleweshaji ule ulikuwa kinyume cha sheria. Ni kweli kwamba hakusema kila ucheleweshaji ni kosa, maana kila kesi inaangaliwa kwa hali yake, lakini tangu hapo hakuna ofisi inayoweza kudai kwamba muda wa kungoja ni jambo lao la ndani lisilohusu sheria. Mama Zuwena, andika malalamiko kwa maandishi. Anza na kampuni, kisha wizara, na wasipojibu vizuri mwandikie mbunge wa eneo lako, hata kama hukumpigia kura. Ofisi ya mbunge ina njia yake ya kuuliza serikalini, na barua yenye nembo ya Bunge husomwa.

Binti Pemba (London):

Kabla mtu hajasoma haya na kukimbilia simu, naomba niweke tahadhari moja. PIP imo katika orodha ya fedha za umma. Mwenye viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma asiombe kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, kwa sababu madhara yanaweza kuufikia ukaazi wake. Raia hawaguswi na sharti hilo, na wenye ukaazi wa kudumu kwa kawaida vilevile, isipokuwa wale walioingia wakiwa wazee au jamaa wategemezi chini ya udhamini. Wakimbizi waliokwisha kukubaliwa wanaruhusiwa.

Mwombaji wa kawaida anatakiwa pia awe ameishi nchini wiki 104 katika wiki 156 zilizopita, lakini wakimbizi wamesamehewa kanuni hiyo. Nimewaona Warundi na Wakongo wakirudishwa nyumbani na jamaa zao wenyewe wakiambiwa wasubiri miaka miwili kwanza, kumbe haiwahusu.

Vilevile, kama kuna anayemuuguza mtu ambaye madaktari wanaona kwamba huenda asiishi zaidi ya miezi 12, huyo hapangi foleni hii. Daktari au muuguzi hujaza fomu iitwayo SR1, na maombi hushughulikiwa haraka bila mgonjwa kuitwa kwenye tathmini.

Mama Zuwena:

Nimewasoma wote na sina la kuwalipa. Sisi ni raia, kwa hiyo la Binti Pemba halitugusi, ila nimelipeleka kwa dada mmoja ambaye litamfaa.

Nimebaki na maswali mawili. La Tanga hakuna aliyelijibu, na mama mkwe hupiga simu kila jioni. La pili, je, hakuna msaada wowote ambao tunaweza kuupata kabla PIP haijaamuliwa? Maana malimbikizo ni matumaini mazuri, lakini mwenye nyumba hapokei matumaini.

Mzee Makaratasi (Leeds):

Mama, la Tanga nililiacha kwa sababu linataka uangalifu. Mwombaji wa PIP anaweza kuwa nje ya nchi kwa muda usiozidi wiki 13 bila kupoteza haki yake, na hadi wiki 26 kama amekwenda kwa ajili ya matibabu. Safari ya kukandwa na kupumzika usiitegemee kupewa hizo wiki 26. Ihesabu kwa zile 13. Sheria basi haimzuii kwenda. Kinachoweza kumponza ni miadi kuja wakati hayupo. Wakiamua kusafiri, mwambie aijulishe wizara na kampuni tarehe za kuondoka na kurudi kabla ya kukata tiketi, na wewe uhakikishe kwamba kuna mtu wa kufungua barua. Kama mimi ningeulizwa, ningemwomba mama mkwe avumilie mpaka tathmini ipite, kwa sababu miadi huahirishwa mara moja kwa urahisi, lakini ya pili huleta maswali. Mwambie kwamba ni mimi niliyesema, nilaumiwe mimi.

Kuhusu msaada wa sasa, ndiyo, upo, na hapa ndipo watu wengi huumia bure kwa kudhani kwamba milango yote hufunguliwa na PIP.

Mlango wa kwanza ni kaunsili, yaani halmashauri ya mji wenu. Chini ya sheria ya matunzo ya 2014, kaunsili yenu inawajibika kutathmini mahitaji ya mtu mzima anayeonekana kuhitaji matunzo, na kukutathmini wewe pia kama mlezi. Hawaruhusiwi kukwambia ungoje PIP. Piga simu idara ya huduma za watu wazima, useme kwamba mumeo huanguka bafuni na kwamba wewe huenda kazini. Vishikio vya ukutani na kiti cha kuogea kwa kawaida hutolewa bila malipo, na vitu hivyo huenda vikawa na faida kubwa kwenu kuliko malipo yenyewe. Isitoshe, ripoti ya mtaalamu atakayekuja nyumbani ni ushahidi mzuri wa kupeleka kwenye kampuni, na watakapoona vishikio usidhani watasema kwamba tatizo limekwisha, kwa kuwa mtu anayehitaji kifaa ili aoge naye hupewa pointi.

Pili, ulisema aliugulia kazini. Malipo ya ugonjwa kutoka kwa mwajiri hukoma baada ya wiki 28. Yakikoma, kama alikuwa akichangia bima ya taifa katika miaka miwili mitatu ya mwisho, anaweza kuomba posho ya ugonjwa inayoitwa New Style ESA, ambayo haitazami mshahara wako wala akiba yenu. Hiyo ina tathmini yake ya kazi, tofauti kabisa na ya PIP, lakini malipo ya awali huanza kwa cheti cha daktari wakati anangoja. Universal Credit, yaani posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo ipo, ila yenyewe huangalia kipato cha nyumba nzima na haitolewi kwa wenye akiba inayozidi £16,000.

Tatu ni haki yako wewe. Anayemtunza mtu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kupata posho ya mlezi, ambayo ilikuwa £83.30 kwa wiki kuanzia Aprili 2025, mradi mshahara wake baada ya makato usizidi kikomo, ambacho wakati huo kilikuwa £196 kwa wiki. Posho hii hutegemea mumeo apate ile sehemu ya maisha ya kila siku, kwa hiyo sasa huwezi kulipwa. Lakini ukiomba ndani ya miezi 3 tangu uamuzi wa PIP utolewe, unaweza kulipwa tangu siku PIP yake ilipoanza, kwa zile wiki ambazo kipato chako kilikuwa chini ya kikomo. Wengi hulala muda huo ukapita. Tunza vipande vyako vyote vya mshahara, kwa sababu hii ndiyo posho ambayo serikali imewadai watu warudishe maelfu ya pauni kwa kuvuka kikomo bila kujua.

Ndugu Kombo, sipingani nawe. Malalamiko yaandikwe, ila yataje madhara: kuanguka bafuni, saa za kazi zilizopunguzwa, kodi inayolipwa kwa akiba. Barua inayosema tu kwamba tumengoja sana hujibiwa kwa barua ya kuomba radhi, na hakuna linalosogea.

Mwisho, Mama Zuwena, kuhusu huyu anayesema kwamba ni mzima kabisa. Wazee wetu wengi ni hivyo, nami nimemsindikiza mmoja aliyemwona mtaalamu wa tathmini akiingia, akainuka kumwamkia kwa mikono miwili na kumsogezea kiti, kisha ripoti ikaja imeandikwa kwamba aliinuka bila msaada na alikuwa mchangamfu. Wataalamu hao huandika wanachokiona, si unachowaambia tu. Unaruhusiwa kuwapo wakati wa tathmini na kuongeza maneno, hata ikiwa ni kwa simu, na mnaweza kuomba mapema mazungumzo yarekodiwe. Zungumza naye kabla, mkiwa wawili, siyo mbele ya watoto. Usimwambie ajidhalilishe. Mwambie aeleze asubuhi ya siku ya kawaida, tangu kufumbua macho hadi kumaliza kuvaa, bila kuruka hatua.

Mama Zuwena:

Nimepiga simu leo asubuhi kwenye kampuni kama ulivyoelekeza, Mzee wangu, na nikawataka wanisomee viambatisho. Fomu wanayo. Barua za hospitali hawana hata moja, na mhudumu aliniambia kwamba hata mtaalamu wa kulisoma faili alikuwa hajapangwa. Nimezituma upya kwa posta ya kusainiwa, pamoja na ukurasa wa wiki moja ambao niliuandika na yeye mwenyewe akiwa ameketi nami. Lile la kanzu hakutaka niliandike mwanzoni, kisha akaniambia niongeze kwamba siku hiyo aliikosa hotuba.

Kaunsili wamesema kuna mtu atakayekuja kuangalia bafu, ingawa nao wana foleni yao. Barua ya malalamiko nitaiandika mwishoni mwa juma, na nikikwama kwenye Kiingereza chake nitaileta hapa muisome. Mama mkwe bado sijampigia.